Nimeandikiwa kamera ya tumbo, shemeji anasema picha inatosha. Nani amepitia?

Dere wa Umoja (Jumapili, saa 4:10 usiku)

Hamjambo nyote. Mimi ni dereva wa matatu, nabeba watu kutoka Umoja hadi mjini na kurudi. Miaka 43, watoto wawili, sivuti sigara, pombe niliacha mwaka wa korona na sijairudia. Naomba ushauri wa waliopitia, si wa waliosikia.

Tumbo linanisumbua mwaka wa sita huu. Maumivu yako hapa kwenye chembe cha moyo, yanachoma kama kaa la moto. Yakianza alfajiri saa kumi na nusu ninapowasha gari, najua siku hiyo nitaendesha nimejikunja. Zamani nikila yalitulia. Siku hizi nikila ndipo yanapoamka, kwa hivyo nimepunguza kula, na mshipi nimeutoboa matundu mawili mapya.

Dawa nimemeza mpaka nimechoka. Kwenye duka la dawa mtaani walinitoboa kidole wakasema nina wadudu wa tumbo, pailori. Nikapewa ile pakiti ya asubuhi na jioni, wiki mbili, mdomo ukawa na ladha ya sarafu. Nikapata nafuu miezi mitatu hivi, yakarudi. Kidole kikatobolewa tena, nikaambiwa wadudu bado wapo, pakiti nyingine. Mwaka jana ikawa mara ya tatu. Katikati hapo omeprazoli, ile ya kupunguza tindikali, naila kama peremende.

Wiki iliyopita nilienda kwa daktari mwingine. Huyu aliniuliza maswali kuliko polisi wa barabarani, akanipima damu (10.1, akasema ni kidogo kwa mwanamume), kisha akaandika nifanyiwe endoskopi. Kamera ya kupitia mdomoni. Nimepewa miadi baada ya siku 17.

Shemeji yangu anasema nisikubali. Anasema kuna ile picha ya kupakwa mafuta baridi tumboni, ya wajawazito, bei yake ni kidogo na inaona kila kitu bila mtu kumezeshwa mpira. Na mimi kusema kweli huo mpira unanitisha. Mswaki tu ukifika nyuma ya ulimi natapika.

Je, picha hiyo inatosha? Kamera inauma? Na nikifanyiwa asubuhi, mchana naweza kurudi kwa usukani?

Mkulima wa Ruai (saa 4:32 usiku)

Achana na kamera. Kabichi mbichi, saga, glasi moja kabla ya chai, siku 40. Mimi nilipona.

Mama Tosha (saa 4:35 usiku)

Ulipimwa wapi ukaambiwa umepona?

Mkulima wa Ruai (saa 4:36 usiku)

Tumbo liliacha kuuma. Unataka kipimo gani kingine?

Sista wa Zamu (Jumatatu, saa 1:20 asubuhi)

Nimetoka zamu sasa hivi, naandika nikiwa kwenye matatu, labda hata ni yako. Chumba cha endoskopi nimekifanyia kazi miaka kumi na mmoja hapa Nairobi, kwa hivyo hili naweza kulisemea.

Ndugu dereva, shemeji yako hajakudanganya, ila amekuonyesha mlango wa jirani. Ile picha ya mafuta ni ultrasaundi, na ultrasaundi ni sauti. Inapita vizuri kwenye maji na kwenye nyama, lakini ikikutana na hewa inarudi ilikotoka. Tumbo na matumbo yamejaa hewa. Umewahi kuwasha taa kali ndani ya ukungu wa Limuru? Unarudishiwa mwanga wako mwenyewe, barabara huioni. Ndivyo ilivyo. Ini, figo na kifuko cha nyongo inaviona sawasawa, na vijiwe vya nyongo huuma karibu na hapo hapo pako, hasa baada ya chakula cha mafuta, kwa hivyo usishangae daktari akikuandikia na hiyo pia. Lakini kidonda kilicho kwenye ngozi ya ndani ya tumbo, ultrasaundi itakipita.

Kuna na bariamu. Unakunywa kitu cheupe kizito chenye ladha ya chaki huku unapigwa eksirei, inaonekana njia ilivyochorwa ndani. Kuna siti skani, hiyo inafaa kuona uvimbe, unene wa kuta, na kama ugonjwa umesambaa. Zote ni picha. Hakuna kati ya hizo inayoweza peke yake kukuletea kipande cha nyama maabara. Kamera inaona rangi yenyewe, na ndani ya mpira kuna tundu la kupitishia vifaa: koleo la kuchukua kinyama, sindano, klipu ya kubana mshipa unaovuja damu. Mtu anaweza kuja anatapika damu na akatibiwa kwa mpira ule ule uliokuja kumchunguza.

Sasa hilo la kidole linaniudhi kila siku. Kipimo kile hakimtafuti mdudu. Kinatafuta kingamwili, yaani alama kwamba mwili wako uliwahi kupambana naye. Mdudu akifa alama hubaki miezi mingi, wakati mwingine miaka. Ukitibiwa ukapona kabisa, ukitobolewa tena karatasi itasema bado unaye. Inawezekana ile pakiti ya pili na ya tatu ulizimeza bure. Kipimo cha kujua kama yupo leo ni cha choo, au cha pumzi, au kinyama kutoka kwenye kamera, na hivyo vyote vinataka uwe umemaliza antibiotiki angalau wiki nne na umeacha omeprazoli wiki mbili, maana omeprazoli humficha. Lakini usiache dawa kwa sababu umenisoma mimi hapa. Damu yako iko chini na umekonda. Mpigie aliyekuandikia, muulize.

Na nijibu swali hili hata kama ni la aibu: choo chako kimewahi kuwa cheusi, kinanata kama lami? (Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kuwa cheusi, useme kama unavimeza.) Ukikiona hivyo, au ukitapika damu, hiyo miadi ya siku 17 isahau, nenda kitengo cha dharura usiku huo huo.

Siku yenyewe iko hivi. Hutakula kuanzia usiku, fuata saa zilizo kwenye karatasi yako. Meno ya bandia yanatoka. Sema kama una kisukari au unameza dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Utapuliziwa dawa ya ganzi kooni, chungu, na utahisi koo limevimba na huwezi kumeza. Hapo ndipo watu wengi huogopa. Halijavimba, limelala tu. Unalazwa ubavu wa kushoto, unang'atishwa kitu cha plastiki chenye tundu, mpira unapita katikati. Mpira ni mwembamba kuliko kidole chako kidogo, na unapita njia ya chakula, si ya pumzi. Hewa utavuta kama kawaida. Ukiomba sindano ya usingizi utapewa, utakuwa kama mtu anayesinzia kwenye basi la usiku.

Siri moja ninayowaambia wagonjwa wangu: mate usiyameze. Yaache yatiririke, kuna taulo chini ya shavu lako kwa kazi hiyo. Anayejaribu kumeza ndiye anayekabwa. Macho yafungue, tazama kitu kimoja, vuta hewa kwa pua, itoe polepole. Utabeua sana kwa sababu tunapuliza hewa ndani ili tumbo lifunguke. Beua, hakuna wa kukucheka. Kinyama kikichukuliwa hutahisi, ni kidogo kama punje ya ufuta. Dakika kumi na umemaliza.

Kurudi kwa usukani siku hiyo: HAPANA. Ukidungwa sindano ya usingizi ni saa 24 bila kuendesha hata bodaboda, na uje na mtu wa kukupeleka nyumbani. Utajiona uko sawa. Hauko.

Dere wa Umoja (saa 7:05 mchana)

Sista, Mungu akubariki, nimesoma kwenye foleni ya abiria. Choo cheusi, ndiyo, mwezi wa tatu, siku nne hivi. Nilidhani ni sukuma wiki. Sasa hivi ni cha kawaida. Daktari nimempigia. Amesema omeprazoli niache, nitumie ile dawa nyeupe ya maji ya kutuliza tindikali mpaka siku ya kipimo, na choo kikibadilika rangi tu nisingoje.

Chebet (saa 2:15 usiku)

Kaka, mimi sina cha kukuongezea kuhusu vidonda, nimeingia kwa sababu ya hilo la kukonda.

Baba alianza na nyama. Alikuwa akitafuna, akimeza, anasimama wima kidogo kama mtu aliyeitwa kwa mbali, kisha inashuka. Tukasema ni uzee. Baadaye ikawa ugali, akawa anaukandia mchuzi. Kisha githeri akaikataa kabisa, na baba yetu githeri hakuwahi kukataa maishani mwake. Alipofikia uji mwepesi ndipo tulipomleta Nairobi. Bariamu ilionyesha umio, ile njia ya kushushia chakula, umebanwa chini kabisa, weupe unashuka vizuri halafu unakuwa uzi. Kamera ikathibitisha, kinyama kikasema saratani.

Kwetu Bomet hiyo si habari ngeni. Hospitali ya Tenwek imekuwa ikiwawekea watu mirija miaka na miaka. Naye alirudishwa huko nyumbani akawekewa: ni wavu wa chuma uliokunjwa, unapitishwa palipobana ukisaidiwa na kamera, kisha unajifungua wenyewe kama mwavuli. Haukumponya, hatukuambiwa utamponya. Lakini kesho yake alikunywa supu bakuli zima, akadai chumvi. Tulipata naye miezi saba ya kula mezani.

Kwa hivyo yeyote anayesoma hapa ambaye chakula kinamkwama, usibadilishe chakula. Nenda ukatazamwe. Na chai jamani, iacheni ipoe. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 kwenye orodha ya vitu ambavyo yamkini vinasababisha saratani ya umio. Baba alikuwa akiinywa ikiwa bado inachemka, na kutucheka sisi tunaopuliza.

Dere wa Umoja (saa 2:40 usiku)

Pole sana dada. Mimi chakula hakikwami, naogopa tu kula. Lakini chai ya stegi sasa naitazama kwa jicho lingine.

Mzee Kobe (saa 3:30 usiku)

Mwanangu, wewe unalalamika ya juu? Mimi nilipita ya chini, utumbo mpana, nikiwa na miaka 61, kwa sababu ya damu kidogo kidogo ambayo nilisema ni bawasiri. Kamera yenyewe sikuihisi, nililala. Shida ni siku ya kabla. Unapewa dawa ya kusafisha tumbo, lita kwa lita, ladha ya maji ya bahari yaliyotiwa ndimu, na hakuna kula isipokuwa vitu vya majimaji vinavyopitisha mwanga, tena visiwe vyekundu wasije wakadhani ni damu. Nikafikiri nina muda, nikaenda kwanza kununua vocha. Sitasimulia yaliyotokea kati ya dukani na langoni kwangu.

Walikuta vinyama viwili vimeota, polipi, kimoja kina shingo kama uyoga. Wakavitega kwa waya wenye kitanzi, wakaukaza huku una umeme wa kuchoma, vikatoka bila kisu. Daktari alisema kimojawapo kingeachwa miaka kadhaa kingeweza kugeuka saratani. Bawasiri nazo nilikuwa nazo, sikukosea. Nilikosea kudhani mtu hawezi kuwa na mambo mawili.

Duka la Kona (Jumanne, saa 12:50 asubuhi)

Mimi ni mfamasia. Nimesoma uzi wote nikitarajia mtu aulize, hakuna aliyeuliza. Dere, unaendesha tangu saa kumi na nusu alfajiri, miaka mingi. Mgongo unaumaje, na unameza nini?

Dere wa Umoja (saa 1:15 asubuhi)

Mgongo? Mgongo uliisha zamani, haha. Kiti cha hii gari kimebaki chuma na gunia. Nameza diklofenaki asubuhi moja, jioni moja, tangu 2018 au 2019. Kuna mama anauza hapa stegi, pamoja na karanga. Kichwa kikiuma naongeza vile vya pakiti ndogo. Lakini hiyo ni ya mgongo, tumbo ni kitu tofauti.

Duka la Kona (saa 1:40 asubuhi)

Si kitu tofauti. Hesabu mwenyewe: diklofenaki tangu 2018 au 2019, tumbo lilianza lini?

Vidonda vya tumbo vina wenyewe wawili wakubwa. Wa kwanza ni huyo pailori. Zamani watu wote, madaktari wakiwemo, walisema ni mawazo na pilipili, mpaka Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walipomshika. Marshall mwaka 1984 alikunywa wadudu hao kwenye glasi ili kuthibitisha, akaugua tumbo. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Pilipili iliachiliwa huru ingawa hapa mjini bado tunaikamata kila siku.

Mwenyewe wa pili ni dawa za maumivu za aina yako: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini (na vile vya pakiti ndogo vingi vina aspirini, soma nyuma). Zinatuliza mgongo kwa kuzima kemikali fulani mwilini. Kemikali hizo hizo ndizo zinazofanya tumbo litoe ute wa kujikinga na tindikali yake. Ute ukipungua, tumbo linajichoma lenyewe. Wala usidhani ukidungwa sindano utaepuka, kwa sababu inafika kupitia damu. Miaka sita umekuwa ukimeza omeprazoli ya kuzima moto na diklofenaki ya kuuwasha, siku moja, mfuko mmoja.

Simamisha leo. Mgongo tumia parasetamoli kwa sasa, na umwambie daktari kila kitu, mpaka cha mama karanga.

Sista wa Zamu (saa 2:05 asubuhi)

Nimejifunga kitambaa usoni kwa aibu. Miaka kumi na mmoja, na sikuuliza.

Dere wa Umoja (wiki tano baadaye, Jumamosi, saa 3:20 usiku)

Nimerudi kutoa ripoti kama nilivyoahidiana na nafsi yangu.

Nilienda na makanga wangu kama mtu wa kunisindikiza. Sindano niliikataa mwanzo ili nijifanye mwanamume, nilipopuliziwa ile ya koo nikaiomba mwenyewe. Nilifanya kama sista alivyosema: mate nikayaacha, macho nikayakaza kwenye kalenda ya ukutani yenye picha ya twiga. Nilikohoa mara mbili mpira ulipopita kooni, basi. Baadaye hata nilisahau kuogopa kwa sababu skrini ilikuwa upande wangu na usingizi haukunishika wote. Ndani ni pekundu hafifu, kunang'aa, kumelowa, kuna mikunjo kama shuka iliyofuliwa ikatupwa. Daktari akasukuma mbele, karibu na mlango wa kutokea chakula, akasema "hiki hapa". Nilidhani nitaona kitu cha kutisha. Ilikuwa ni kama kidonda cha mdomoni, cheupe katikati, kingo nyekundu, ukubwa wa kifungo cha shati. Pembeni yake kingine kidogo. Miaka sita yote ni kifungo cha shati.

Walichukua vinyama sita. Kimoja wakakitumbukiza kwenye kitone cha kitu cha njano kama mafuta ya mgando, muuguzi akaniambia kikigeuka cha waridi pailori yupo. Niliketi pale nje na makanga wangu tunakingoja kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Mpaka naondoka kilikuwa njano. Cha maabara kimetoka wiki iliyopita: hakuna saratani, hakuna pailori. Daktari akasema hivyo vidonda ni vya dawa, akaniuliza nani aliyenishtua kuhusu diklofenaki. Nikamwambia ni mtu simjui, yuko kwenye simu.

Nimepewa omeprazoli, safari hii kwa hesabu, wiki nane, na vidonge vya damu (choo ni cheusi, sista, lakini ni vya hivyo vidonge, nimeshasema). Kisha narudi kwa kamera tena, kwa sababu kidonda cha tumbo lazima kionekane kimefunga, si kusikia tu kwamba hakiumi. Mkulima wa Ruai, hiyo ni yako na kabichi yako.

Mshipi umerudi tundu moja. Shemeji ameniomba namba ya daktari, anasema ni ya rafiki yake.

Kazi iliyobaki ni mgongo. Mwenye gari nilimpelekea karatasi ya hospitali na picha ya kile kidonda, nikamwambia hiki umekitengeneza wewe na kiti chako. Akaitazama sana ile picha. Jumatatu gari liliingia gereji, likatoka na sponji mpya, nene, na kiegemeo. Mama karanga bado ananikata jicho.

Mama Tosha (saa 3:31 usiku)

Hiyo picha iweke hapa tuione.

Dere wa Umoja (saa 3:33 usiku)

Mama, watu wanakula saa hizi.